Vitabu vya Ubatizo, Vinasaba na Nasaba Zilizopotea

Hotuba iliyotolewa katika Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika



Katika sura ya pili ya Kitabu cha Ezra zimo habari za wana wa makuhani waliorudi kutoka uhamishoni Babeli, wakayatafuta majina yao katika orodha ya nasaba wasiyaone. Kwa sababu hiyo waliondolewa katika ukuhani mpaka shauri lao litakapoamuliwa. Tangu zamani, basi, jina lililokosekana kitabuni limekuwa jambo zito, maana limegusa cheo, urithi, ardhi na heshima ya mtu mbele ya ndugu zake.

Kanisa la Kilutheri limekuwa mtunzaji mkubwa wa vitabu vya namna hiyo. Nchini Sweden, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1686 iliwaagiza wachungaji kuandika ubatizo, ndoa na mazishi, na Kanisa liliendelea kutunza daftari la wananchi hadi mwaka 1991. Katika Afrika Mashariki vitabu vya Kilutheri ni vichanga zaidi. Wamisionari wa shirika lililokuja kuitwa Bethel walifika Dar es Salaam mwaka 1887, na wale wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Kabla ya hapo nasaba zilitunzwa vifuani mwa wazee.

Hata vitabu hivyo vina mitego yake. Mtu aliyeingia katika darasa la ubatizo kwa jina la nyumbani alitoka akiitwa Petro au Yohana, na Petro walikuwa wengi. Mwana alichukua jina la baba kuwa jina lake la pili, hivyo jina hilo likabadilika kila kizazi. Aidha, Wajerumani waliandika kwa tahajia yao. Neno Chagga, kwa mfano, liliandikwa Dschagga. Anayetafuta kwa tahajia ya leo aweza kulipita jina la babu yake bila kulitambua.

Pigo kubwa zaidi liliwaangukia wazao wa watumwa. Makazi ya waliokombolewa yalianzishwa Freretown, karibu na Mombasa, mwaka 1875, na huko Lutindi, Usambara, nyumba ya watoto waliookolewa utumwani ilifunguliwa mwaka 1896. Mtoto aliyetekwa angali mdogo aliweza kusahau jina la baba yake, na kijiji chake pia. Jacob Wainwright, aliyeusindikiza mwili wa Livingstone hadi London mwaka 1874, alikuwa Myao kwa asili. Lakini dunia ilimjua kwa jina la Kiingereza. Kwa wazao wa watu kama hao, kitabu cha ubatizo ndicho mwanzo wa ukoo, na nyuma yake pana ukimya.

Ni katika ukimya huo ambapo uchunguzi wa vinasaba, yaani DNA, umeleta tumaini. Kila mtoto hupokea nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na vinasaba vya mitokondria hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote. Watu wawili wanapolingana kwa sehemu fulani, yamkini wana babu au bibi mmoja.

Hata hivyo, kipimo hakitaji jina. Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti hulingana kwa takriban asilimia 25, nao babu na mjukuu hulingana kwa kiasi kilekile, vivyo hivyo mjomba na mpwa. Umri, mahali na maandishi ndivyo vinavyoamua. Tena, ulinganifu hufifia upesi: kati ya vilembwe wa babu mmoja waliotoka kwa watoto wake tofauti, takriban jozi 1 kati ya 10 haionyeshi ulinganifu wowote unaopimika, ingawa udugu wao ni wa kweli. Kwa hiyo kukosa ulinganifu na jamaa wa mbali hakumwondoi mtu katika ukoo.

Njia ya busara ni kuanza na wazee walio hai, kuwasikiliza, kisha kulinganisha maneno yao na vitabu, na vinasaba vije baadaye. Masimulizi yasidharauliwe. Mwaka 2023 utafiti wa mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani ya Waswahili, ulionyesha mchanganyiko wa mama wa Kiafrika na baba wa Kiajemi ulioanza yapata mwaka 1000, jambo lililokaribiana na simulizi za Washirazi.

Tahadhari nayo yahitajika. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Huko Marekani, kampuni ya 23andMe iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 6.9 mwaka 2023, na mwaka 2025 ikaomba kinga ya mufilisi. Anayetoa mate yake hutoa pia siri za ndugu ambao hawakuulizwa.

Siri hizo zaweza kuvunja nyumba. Yupo atakayegundua kwamba mzee aliyemlea, aliyemsomesha na kumpa jina, siye aliyemzaa. Ni vema, basi, ukoo ukubaliane kabla ya kupima: nani ataambiwa, na kwa kinywa cha nani. Ukweli una haki yake. Lakini malezi ya miaka 30 nayo ni ukweli, na hakuna maabara iwezayo kuyafuta.

Usharika unaoingia karne ya pili una kazi iliyo wazi. Vitabu vya kwanza vinakiliwe na kupigwa picha kabla mchwa na unyevu havijamaliza kurasa zake. Wazee wahojiwe wakingali na kumbukumbu. Na mbele ya jina la mbatizwa ambaye baba yake hakuandikwa, pasijazwe kwa kubuni. Nafasi hiyo iachwe wazi, ili kitukuu atakayekuja kutafuta aikute ingali yamngoja.