Miaka Sita ya Warren Moon

Msikilizaji, mwezi Mei mwaka 1978 klabu za ligi ya NFL ya Marekani ziliketi, kama ilivyo desturi yao kila mwaka, kuchagua vijana waliotoka kucheza vyuoni. Zilipita raundi 12, yakasomwa majina zaidi ya 300. La Warren Moon halikusomwa. Na miezi minne tu kabla ya hapo, kijana huyo alikuwa ameiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Washington kuifunga Michigan 27 kwa 20 katika mechi kubwa ya Rose Bowl, na ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa siku ile.

Kwa usiyeufuatilia mchezo huo, Moon alikuwa kwotabeki. Katika futiboli ya Kimarekani, huyo ndiye anayeanza na mpira karibu kila mara timu yake inaposhambulia. Huwapa wenzake mbinu, huisoma ngome ya wapinzani, kisha ndani ya sekunde mbili tatu huamua mpira aurushe kwa nani, huku watu wa kilo 100 na zaidi wakimjia mbio kumwangusha. Timu humtegemea kama jahazi linavyomtegemea nahodha wake.

Na nafasi hiyo ndiyo ambayo kwa miongo mingi wakubwa wa mchezo ule waliamini kwamba mtu mweusi haiwezi. Akimbie, sawa. Adake, sawa. Afikiri kwa niaba ya timu nzima? Hilo walimnyima. Mwaka 1968 Marlin Briscoe alichezea Denver nafasi hiyo, akatoa pasi 14 za kufunga akiwa mgeni kabisa katika ligi. Mwaka uliofuata hakupewa tena nafasi ile. Alikwenda Buffalo akageuzwa mdakaji.

Moon alikulia ndani ya imani hiyo. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1956, mtoto wa kiume peke yake kati ya dada sita. Baba yao alifariki Warren akiwa na miaka saba, na mama, ambaye alikuwa muuguzi, akawalea wote. Kijana alipika, alishona na kupiga pasi nguo kama dada zake. Alipomaliza sekondari, vyuo vikubwa vilimtaka, ila kwa sharti la kubadili nafasi. Akakataa. Akaenda kucheza mwaka mzima katika chuo kidogo cha West Los Angeles, mpaka kocha Don James wa Washington alipomchukua awe kwotabeki. Huko Seattle, kilipo chuo hicho, mashabiki wa nyumbani walimzomea. Mashabiki wa timu yake mwenyewe, msikilizaji! Aliendelea kucheza mpaka akawapa ubingwa.

Wapo watakaosema kwamba Moon alijiondoa mwenyewe, maana wiki kadhaa kabla ya uchaguzi ule wa 1978 alikuwa ameshatia saini na klabu ya Edmonton, Canada. Watasema pia kwamba mwaka huohuo Doug Williams, naye mweusi, alichaguliwa na Tampa Bay akiwa wa 17. Yote ni kweli. Lakini klabu zilikuwa 28, na mtu ambaye tangu utotoni kila mlango anaogonga anaambiwa aingie kwa kazi nyingine, hana haja ya kusubiri aambiwe mara nyingine tena.

Canada alikaa miaka sita. Edmonton ilitwaa Grey Cup, kombe la ubingwa wa Canada, mara tano mfululizo, kuanzia 1978 hadi 1982. Mwaka 1982 Moon akawa kwotabeki wa kwanza wa kulipwa kufikisha yadi 5,000 za pasi katika msimu mmoja, na msimu uliofuata akavuka hapo tena. Ndipo klabu za NFL zikaanza kumgombania. Houston Oilers ikashinda, na Moon akaingia ligi ya nchi yake mwaka 1984, ana miaka 27.

Tarehe 16 Desemba 1990, dhidi ya Kansas City, alirusha pasi za yadi 527, karibu mita 480, katika mechi moja. Katika historia yote ya NFL hadi siku hiyo, ni Norm Van Brocklin peke yake aliyewahi kufanya zaidi, mwaka 1951. Lakini lipo na jeraha. Januari 1993, mchezo wa mtoano kule Buffalo, Houston iliongoza 35 kwa 3, Moon akiwa ametoa pasi nne za kufunga kabla ya mapumziko. Ngome ikabomoka, Buffalo wakarudi, na katika muda wa nyongeza pasi ya Moon ikanaswa. Ikaisha 41 kwa 38. Super Bowl, fainali ya ligi, hakuicheza kamwe.

Alipita Minnesota, akarudi Seattle walikomzomea akapokewa kama wa kwao, akamalizia Kansas City, na alipotundika daluga alikuwa na miaka 44. Mwaka 2006 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri wa futiboli pale Canton, Ohio, kwotabeki wa kwanza mweusi kupata heshima hiyo. Februari 2023 Patrick Mahomes na Jalen Hurts walikutana katika Super Bowl, makwotabeki weusi pande zote mbili, kwa mara ya kwanza.

Vitabu vya NFL vinamhesabia Warren Moon yadi 49,325. Zile 21,228 alizorusha Canada hazimo. Kwangu mimi hizo ni deni la ligi ile, na sanamu ya shaba aliyowekewa Canton haijalilipa.