Njia ya Mekatilili Kutoka Kisii

Nyinyi wasikilizaji wa Gilgil na Bonde la Ufa mkaao kando ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, nawaomba mtafakari pamoja nami fumbo ambalo halijafumbuliwa hata leo: Mekatilili wa Menza, mjane wa Kigiriama, alirudije kwao kutoka Kisii?

Zama hizo viwanda vya Ulaya vilitaka mpira na pamba, na wenye mashamba makubwa ya Malindi walitaka vibarua. Basi serikali ya Kiingereza ikamtuma ofisa Arthur Champion kuwadai Wagiriama kodi na vijana wao. Mekatilili, asiyekuwa na cheo wala mume wa kumsemea, alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, hata halaiki ikakusanyika Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, mwaka 1913 na kula kiapo cha kuukataa utumwa ule mpya. Husimuliwa kwamba alimwekea Champion kuku mwenye vifaranga, akamwambia achukue kimoja. Kuku akamdonoa vikali, naye Mekatilili akamwambia kwamba ndivyo yatakavyomfika akiwagusa watoto wa Kigiriama.

Oktoba mwaka ule alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa Kisii. Lakini mwaka 1914 walitoroka wote wawili, wakaonekana tena kwao, pande za Malindi. Na kati ya Kisii na Malindi, hata kwa mstari ulionyooka, ni maili 400 na ushei.

Wako wanaodhani kwamba waliifuata reli. Mimi nina shaka, kwani ijapokuwa chuma kile kingewaongoza mpaka pwani, sambamba nacho ulipita waya wa simu, na karani wa stesheni moja tu angetosha kupeleka habari za watoro wawili hadi Mombasa kabla ya jua kutua. Naona ni aula kusadiki kwamba waliziepuka stesheni, na kwamba njiani wapo waliowapa maji, chakula na mahali pa kujificha, maana nyika ile haipitiki pasipo fadhila ya wenyeji.

Walikamatwa tena Agosti 1914, mwezi ule ule Kaya Fungo ilipolipuliwa kwa baruti. Wakahamishwa tena, na Mekatilili akarudi kwao mwaka 1919. Basi nyinyi wenye wazee Gilgil, Narok au Ukambani, waulizeni kama walipata kusimuliwa habari za mwanamke wa pwani na mzee mmoja waliopita wakielekea mashariki, kisha mtuandikie.