Kliniki ya Macho Ilipofungwa, Wahudumu Walikuwa Wapi?

Hotuba ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa wananchi katika baraza la afya ya macho. Tunaichapisha kama alivyoitoa, imefupishwa kidogo tu.

  

Nimepewa dakika ishirini. Najua mnayemngoja ni daktari anayenifuata, wala si mimi, kwa hivyo nitaanza moja kwa moja na lile lililoleta maneno mwaka jana.

Bibi mmoja alitoka nyumbani alfajiri na mjukuu wake. Bodaboda hadi barabarani, kisha matatu hadi mjini. Walipofika kwenye kliniki ya macho wakakuta kufuli. Mlangoni palikuwa na karatasi iliyosema kwamba kliniki imefungwa siku tatu, wahudumu wako mafunzoni. Iliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo. Nawauliza, wananchi wenzangu: karatasi ya herufi ndogo kwenye mlango wa kliniki ya macho ni ya kusomwa na nani?

Mjukuu alipiga simu redioni. Alisema madaktari wetu wameenda kula raha hotelini Mombasa na bibi yake anarudi nyumbani haoni. Simu iliyofuata kulia ilikuwa yangu. Nikaandika taarifa ya mistari minne kwamba mafunzo endelevu ni nguzo ya huduma bora. Ile lugha yetu ya ofisini mnaijua. Haikumjibu yule kijana. Mimi mwenyewe haikunijibu, kwa sababu sikujua huko wanafundishwa nini.

Basi mwaka huu mkutano ulipokaribia niliomba niende nao. Ni mkutano wa mafunzo wa wahudumu wa macho kutoka kaunti za Pwani: madaktari bingwa wachache, maafisa wa kliniki waliosomea macho, wauguzi wa macho, na wale wapimaji wa miwani. Siku mbili Mombasa, ndani ya ukumbi mmoja. Nilibeba kalamu na kamera, na moyoni nilibeba yale maneno ya mjukuu.

Nianze na sheria, maana wengi hawaijui. Mhudumu wa afya nchini hapewi leseni ya maisha. Huihuisha kila mwaka, na baraza la taaluma yake humtaka aonyeshe kwamba ameendelea kusoma. Kila kikao cha mafunzo kinachotambuliwa kina pointi zake, na asiyetimiza pointi anaweza kukosa leseni. Kwa hivyo kwenda si hiari. La hiari ni namna sisi tunavyopanga ili mgonjwa asikute kufuli, na hilo nitalirudia.

Sitawaficha: si kila kilichosemwa pale kilikuwa na utamu. Palikuwa na saa nzima ya namna ya kujaza fomu. Palikuwa na bwana wa kampuni aliyekuja kusifia lenzi zake. Chai na mahamri tulikunywa, tena mahamri yenyewe yalikuwa mazuri, na huyo mjukuu hakukosea hapo.

Lakini asubuhi ya kwanza niliona jambo ambalo sijaliona katika mkutano mwingine wowote wa serikali. Kila anayefanya upasuaji wa mtoto wa jicho alisimama na daftari lake. Akasema amewapasua wangapi, wangapi wanaona vizuri, na wangapi hawaoni vizuri. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuweka kipimo: wanaobaki na macho mabovu baada ya upasuaji wawe chini ya 5 kati ya 100. Sasa wenzako wote wamekaa, nawe unasoma hesabu yako mbele yao.

Afisa mmoja wa miaka mingi kazini alieleza kuhusu mgonjwa ambaye utando mwembamba ulio nyuma ya lenzi ulipasuka katikati ya upasuaji. Alieleza alichofanya, na alichochelewa kukifanya. Mwandishi wa habari ndani yangu akaamka, nikashika kalamu. Jirani yangu akaniwekea mkono juu ya daftari, taratibu, akasema, "Andika funzo, jina liache." Hakuna aliyecheka wala aliyelaumu. Walimuuliza maswali karibu nusu saa: taa ilikuwaje, mgonjwa alilazwaje, alirudi kliniki baada ya siku ngapi. Mwisho daktari bingwa akaonyesha kwa video namna ya kuokoa jicho la aina hiyo. Nikafikiri: mgonjwa atakayekuja mwezi ujao na jicho kama lile, huenda ni mama yangu au wako, atakuta mikono iliyokwisha kujifunza.

Mchana likaja la glakoma. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo mkutano ulipoacha kuwa kazi ya ofisi kwangu.

Glakoma, wengine huiita presha ya macho, huua mshipa unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Aina iliyo ya kawaida kwetu haiumi. Haiwashi, wala jicho haliwi jekundu. Huanza kula pembeni, na katikati mtu anaendelea kuona vizuri, kwa hivyo hajui. Ikifika katikati, kilichopotea hakirudi, si kwa dawa, si kwa upasuaji, si kwa miwani. Kinachowezekana ni kukilinda kilichobaki. Na sisi watu weusi hutupata zaidi, tena mapema zaidi.

Mtoa mada aliweka picha ukutani: barabara ya soko kama inavyoonekana na mtu mwenye glakoma. Katikati unamwona muuza machungwa. Pande zote ni kiza. Nikamwona mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mvuvi. Kabla ya kuacha bahari alianza kugonga watu njiani. Watu wakasema amekuwa na kiburi, anapita hasalimii. Akikaribishwa chakula mkono ulikosa kikombe kilicho kando. Nyumbani tukasema ni mtoto wa jicho, na ile hekima yetu ya kijijini ikasema mngojeni aive kwanza ndipo akatwe. Mjomba akangoja miaka mitatu. Alipopelekwa hospitalini akaambiwa hakuna mtoto wa jicho wa kukata, na cha kuokoa ni kidogo mno. Leo anashikwa mkono kwenda msikitini.

Makosa yalikuwa mawili hapo. La kwanza, hatukujua ni ugonjwa gani, na asiyepimwa hawezi kujua. La pili, hata kama ungekuwa mtoto wa jicho, hakuna haja ya kungoja aive. Siku hizi jicho hutiwa ganzi, lenzi iliyoingia ukungu hutolewa kupitia tundu dogo na ya plastiki huwekwa mahali pake, na mtu anayezuiwa na ukungu kufanya kazi zake hupasuliwa. Aliyengoja akaiva sana humpa daktari kazi ngumu zaidi.

Wakati wa chai nilimweleza dada mmoja mpimaji habari ya mjomba. Hakunipa pole. Aliniuliza, "Mama yako ni ndugu yake wa tumbo moja? Amepimwa?"

Sikuwa na jibu. Glakoma hutembea katika damu. Ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wako katika hatari kubwa kuliko watu wengine. Mimi, msomi wa familia, mwenye digrii, ninayewaandikia kila mwezi kuhusu afya, sikuwahi kuwaza kumpima mama. Nilimpeleka wiki iliyofuata. Alilalamika njia nzima kwamba anaona vizuri na kwamba kuku wake wameachwa bila mtu. Presha ya macho ilikuwa juu, na jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kupoteza sehemu ya pembeni. Sasa anatia matone kila siku, na atayatia maisha yake yote. Ameniruhusu niwaambie haya. Alisema niwaambie pia kwamba matone huwasha kidogo siku za mwanzo, lakini mtu huzoea.

Siku ya pili muuguzi mmoja alimwaga mezani mfuko mzima wa vichupa vya dawa alivyokusanya kwa wagonjwa wake. Vingi vilinunuliwa dukani bila kuandikiwa na mtu. Ndani yake mlikuwa na steroidi: deksamethasoni, betamethasoni. Soma kichupa, mara nyingi jina la dawa hizi huishia kwa herufi s-o-n-e. Mtoto anawashwa na macho, kama wengi wanavyowashwa wakati wa vumbi, unamtia tone, jicho linatulia siku hiyo hiyo. Unafurahi. Unanunua tena, na tena. Ukitia miezi mingi bila kuangaliwa, dawa hiyo inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho kwa mwanafunzi wa darasa la sita. Jicho likiwa na kidonda, dawa hiyo hiyo inaweza kukipa kidonda nguvu. Aliyeandikiwa na mhudumu wa macho asiache bila kumwuliza. Aliyejinunulia alete kichupa leo, daktari yuko hapa, hakuna atakayegombezwa. Na maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani, tafadhalini, tusitie machoni. Nasema nikijua wapo hapa waliotiwa utotoni wakapona. Wale ambao hawakupona hawakuja barazani.

Kuna jambo moja lililonigusa mimi kwa kazi yangu. Walitueleza utafiti uliofanywa Trans Nzoia katika shule 50 na kuchapishwa mwaka 2018. Walimu waliwapima watoto macho. Katika kundi moja, mtoto aliyeonekana ana tatizo alipewa barua ya kumpeleka hospitalini, kama tulivyozoea. Katika kundi la pili, mzazi alitumiwa ujumbe wa simu wa kumkumbusha, na akaonyeshwa picha ya jinsi mtoto wake anavyoliona darasa. Kundi la barua, waliofika hospitalini walikuwa 22 kati ya 100. Kundi la ujumbe, 54. Daktari ni yule yule na hospitali ni ile ile. Kilichozidi ni habari iliyomfikia mtu kwa njia anayoielewa.

Nilitoka nje nikasimama barazani kwa muda. Niliikumbuka ile karatasi ya Kiingereza mlangoni. Mwaka jana nilisema si kazi yangu, ni ya hospitali. Ilikuwa kazi yangu.

Kwa hivyo nasema mbele yenu kile tulichokubaliana na idara ya afya, ili mnishike nacho. Mafunzo yataendelea, na wahudumu watakwenda, lakini hawatakwenda wote siku moja. Mmoja angalau atabaki. Tarehe zitatangazwa wiki mbili kabla, kwa Kiswahili na kwa lugha zetu za nyumbani, kupitia redio, misikitini, makanisani na kwa machifu. Mwenye miadi ya siku hizo atapigiwa simu. Namba yako isipokuwa kwenye kadi, iandikishe leo, au andikisha ya jirani unayemwamini. Na wakirudi, mmoja wao atakuja barazani kueleza walichojifunza, kama tunavyofanya leo kwa mara ya kwanza.

Kabla sijakaa, tufanye kitu kimoja pamoja. Kila mtu afunike jicho la kushoto kwa kiganja, asilibonyeze. Mtazameni Bwana Chifu, ile beji ya kofia yake. Haya, sasa funikeni la kulia, tazameni beji ile ile. Aliyeona tofauti kubwa kati ya jicho na jicho asione haya, ainue mkono.

Naona mikono. Mmoja, miwili... mzee pale, na mama mwenye leso ya kijani. Na wewe kijana, usicheke, inua mkono. Nyinyi mtatangulia foleni. Wapo watu wanaoishi miaka na jicho moja lililokufa bila kujua, kwa sababu hawajawahi kufunika lile zima. Lakini mfahamu kwamba zoezi hili haliioni glakoma changa. Hiyo huonekana kwa kupimwa tu. Kwa hivyo wenye miaka arobaini na zaidi, wenye kisukari, na wenye ndugu aliyepofuka kwa glakoma, pitieni mezani hata kama mmeona beji vizuri. Mwenye mtoto ambaye mboni yake inaonekana nyeupe, au inang'aa nyeupe kwenye picha ya simu, asingoje foleni kabisa. Aje mbele sasa hivi, hiyo yaweza kuwa saratani.

Yule bibi wa mwaka jana tulimtafuta. Ilituchukua muda, redio haikuwa na namba ya mjukuu. Alipasuliwa jicho la kulia mwezi uliopita, na la kushoto limepangiwa tarehe. Nilipokwenda kumwona alinitazama kwa kitambo, kisha akasema, "Kumbe ni wewe unayesema redioni. Nilidhani u mzee."

Daktari, karibu.