Ghala Bila Mfereji ni Mtego

(Haya ni mazungumzo ya Kamati ya Ghala mbele ya wanachama na wapenzi wa chama. Tumeyachapa kwa ajili ya ndugu wa vijiji vingine wanaojiandaa kujenga.)



Wengi wenu mmekuja leo mkitaraji kusikia habari ya bei ya korosho. Habari hiyo ina siku yake. Sisi tumeitwa kueleza habari ya maji, kwa sababu korosho iliyolowa haina bei ya kujadiliwa.

Mwajua kwamba tangu korosho zilipoingizwa katika mpango wa stakabadhi ghalani mwaka 2007, mkulima haingojei tena mizani ya mchuuzi mlangoni pake. Hupeleka mzigo wake ghalani, hupewa karatasi, na mzigo hungoja mnada. Karatasi ile ni ahadi. Yasema kwamba kilichoingia ndicho kitakachotoka, kwa uzito ule ule na daraja lile lile. Ghala likiingia maji, ahadi imevunjika, hata kama hakuna mwizi aliyegusa kufuli.

Ahadi hiyo ilivunjika mikononi mwetu Desemba 2023. Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi tulipofungua, safu ya chini ya magunia upande wote wa mlimani ilikuwa imekaa ndani ya maji. Juu paa lilikuwa zima, bati halina tundu hata moja. Tukaulizana: maji yamepita wapi? Na kwa kuwa hatukuwa na jibu, tukatafuta mtu. Tulimshuku mlinzi kwamba aliacha mlango wazi akalala. Tukamsimamisha kazi.

Ndugu, mlinzi hakuwa na kosa. Maji yalitoka mlimani nyuma ya ghala, yakajaa kati ya ukingo na ukuta, yakapenya chini ya mabati. Katika mchoro wa kwanza palikuwa na mfereji wa kuyakinga maji hayo. Mfereji huo tuliufuta sisi, kwa kura, katika kikao chetu wenyewe, ili fedha zake zinunue milango mikubwa ya kupendeza. Mlinzi amerudi kazini na amelipwa siku zake. Lakini neno baya likitoka halirudi mdomoni. Kwa hiyo twamwomba radhi mbele yenu wote. Na twaeleza yote tuliyojifunza, ili mwingine asijifunze kwa magunia ya watu.

Jambo la kwanza ni hili: paa halimalizi maji, paa huyakusanya. Mvua iliyokuwa ikianguka shambani ikanywewa na udongo, sasa yaanguka juu ya bati lisilokunywa tone, na yote hushuka pamoja. Hesabu yake ni rahisi. Milimeta 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ghala letu lina upana wa meta 20 na urefu wa meta 40, yaani meta za mraba 800. Ikinyesha milimeta 60 kwa saa moja, na mvua kama hiyo huku pwani si kioja, paa letu litashusha lita 48,000. Huo ni uzito wa magunia 600 ya kilo 80. Nani kati yetu angekubali magunia 600 yatupwe kandokando ya msingi wake kila mvua inaponyesha?

Hata hivyo twajenga ghala la chuma, twahesabu mabati, boriti na bolti, halafu twayaacha maji yajitafutie njia. Maji hufuata mkondo. Usipoyachimbia mkondo, yatachimba wenyewe, na hayatauliza msingi ni wa nani.

Kwa hiyo kupanga mifereji si kazi ya mwisho ya kufanywa kwa fedha zilizobaki. Ni kazi ya kwanza, kabla jiwe moja halijawekwa. Twajua yaliyompata mtu asiyeuliza ardhi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta na wataalamu, lakini mvua na udongo havikupimwa sawasawa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikapotea. Sisi tuliisimulia habari hiyo kwa kucheka. Kisha tukajenga ghala mahali ambapo, upande wa chini, kina mama walikuwa wakilima mpunga! Mpunga ni shahidi tosha kwamba maji hukaa pale. Hatukumwuliza hata mmoja wao.

Basi anayetaka kujenga na aende kwenye kiwanja wakati mvua inanyesha, si wakati wa kiangazi tu. Atazame maji yatokako na yaendako. Kisha awaulize waliolima pale. Mteremko aupime kwa mpira mwembamba wa kuonyesha, uliojazwa maji, kama mafundi wetu wafanyavyo. Chombo hicho ni cha bei ndogo wala hakisemi uongo.

Baada ya hapo aifunge milango ya maji, nayo ni minne.

Mlango wa kwanza ni mlima, au upande wowote ulio juu ya ghala. Hapo uchimbwe mfereji wa kukinga, mbali kidogo na jengo, unaoyapokea maji ya mlimani na kuyazungusha pembeni kabla hayajafika ukutani. Huu ndio tulioufuta.

Mlango wa pili ni paa. Gata ziwe nje ya ukuta, zisipite ndani ya jengo. Gata ya nje ikijaa humwaga uwanjani. Gata iliyo kati ya mapaa mawili ikijaa humwaga juu ya magunia. Tukijenga ghala la pili, lisibandikwe kwenye la kwanza. Gata iiname sentimeta 1 kwa kila meta 2. Kwa mabomba ya kushusha maji twatumia kipimo hiki: kila meta 1 ya mraba ya paa yataka sentimeta 1 ya mraba ya tundu la bomba. Kwa paa letu, mabomba matano ya inchi 4 kila upande yatosha, kila moja likipokea meta 8 za gata. Sisi tulikuwa na mawili kila upande, ndiyo maana maji yalikuwa yakiruka gata na kuchimba shimo chini.

Mlango wa tatu ni ardhi yenyewe. Sakafu iinuliwe juu kuliko uwanja, na chini ya zege itandikwe nailoni nzito, maana unyevu hupanda kutoka ardhini hata pasipo mvua. Kuzunguka ghala ardhi iiname kutoka ukutani, sentimeta 5 kwa kila meta, kwa meta 3 zisizopungua. Hapo ndipo uwe mfereji mkuu, umejengwa kwa mawe au zege, ukiinama sentimeta 1 kwa meta. Upana wake uingize koleo, kwa sababu mfereji usioingia koleo hautasafishwa kamwe. Mahali malori yapitapo, uwekewe mifuniko imara inayoweza kuinuliwa.

Mlango wa nne wengi hawaujui: ni jasho la bati. Usiku bati hupoa, hewa yenye unyevu ikaligusa, matone yakaanguka juu ya magunia, watu wakasema paa lavuja. Dawa yake ni matundu ya hewa juu na chini, yenye wavu wa kuzuia panya na ndege. Na magunia siku zote yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Katika ghala la chuma maji hayaharibu mzigo tu, hula jengo lenyewe. Vitako vya nguzo vikikaa katika maji au udongo hushika kutu, nasi hapa karibu na bahari chumvi huharakisha kazi hiyo. Udongo wa chini ya msingi ukilainika, nguzo moja hukaa chini kuliko mwenzake. Ishara tuliiona mapema: mlango uliosukumwa na mtu mmoja ulianza kutaka watu wanne. Tukaupaka grisi! Maradhi yalikuwa mguuni, sisi twapaka dawa mkononi.

Ndugu zangu, maji yakishatoka kwetu yaenda wapi? Mwanzoni tuliyaelekeza chini, yakaingia katika shamba la mama mmoja, jirani yetu, yakang'oa mihogo yake. Alikuja kulalamika mara mbili. Tukamjibu kwamba ghala ni mali ya wengi. Jibu lile lilikuwa la aibu. Kuondoa maji kwako na kuyatupa kwa jirani si kutengeneza mfereji, ni dhuluma. Sasa mfereji umefikishwa hadi bondeni, na mdomoni mwake tumepanga mawe makubwa ili maji yapunguze kasi yasichimbe korongo. Mama yule tumemlipa.

Sasa utunzaji. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, mafuriko yaliikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam huko Somanga. Mvua za namna hiyo hazimngoji mtu atafute koleo. Kamati imeamua hivi. Kila mwaka, kabla mzigo wa kwanza haujaingia, gata zote na mifereji yote isafishwe. Wakati wa mvua isafishwe kila Jumamosi, na tena baada ya kila mvua kubwa. Viota, majani, mifuko ya nailoni na mchanga vyote vitolewe, na mchanga usirundikwe ukingoni urudi tena. Udongo usiguse mabati ya ukuta. Kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya na ipakwe rangi ya kuzuia kutu ingali ndogo. Mtu asipande juu ya bati lililolowa. Na mvua ikinyesha, mjumbe wa zamu achukue mwavuli azunguke ghala, kwa maana mvua ndiyo mkaguzi wa kweli.

Kila kazi itaandikwa katika daftari, pamoja na tarehe na jina la aliyeifanya. Tulizoea kusema kwamba mfereji ni wa wote. Tuliposema hivyo haukusafishwa na yeyote. Mali ni ya wote, lakini zamu ina jina.

Mtu mmoja alituuliza fedha za kazi hii zitatoka wapi. Twamjibu kwamba mfereji wa mlimani tuliuchimba kwa siku nane kwa mikono yetu, wanaume kwa wanawake. Mawe tuliyasomba wenyewe. Tulichonunua ni saruji, gata na mabomba. Ukiweka gharama hiyo kando ya magunia yaliyooza, utaona kwamba tulilipa bei ya mfereji bila kuupata, kisha tukalipa tena ili tuupate.

Daftari liko mezani, na zamu ya kwanza ni Jumamosi hii, saa moja asubuhi. Majina ya wanakamati yametangulia, kwa kuwa sisi ndio tuliokosa. Twaomba na yenu yafuate. Njooni na koleo.