Ufunguo Uko Wapi?

 Jioni hii nina swali moja dogo kwako, nami naomba ulijibu kabla sijamaliza mazungumzo haya. Ni saa nane za usiku, umeme umekatika, nyumba imejaa moshi. Ufunguo wa mlango wako wa chuma uko wapi? Usiniambie kwamba upo. Najua upo. Nauliza uko wapi, na ni nani mwingine hapo nyumbani anayejua.

Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe swali hilo lilinishinda. Naishi Nyasho, hapa Musoma mjini. Kuna wakati wezi walitusumbua sana mtaani kwetu, nikaapa kwamba kwangu watakoma. Nikatia nondo madirisha yote, mlango wa mbele nikaweka geti la chuma, mlango wa uani nikaupiga kufuli mbili. Nililala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Usiku mmoja wa mvua umeme ulikatika. Mwanangu wa kati akawasha mshumaa ili amalize kusoma, akapitiwa na usingizi. Mshumaa ukashika pazia, pazia likashika godoro. Godoro la sponji, ndugu zangu, haliungui kama kuni. Linatoa moshi mzito mweusi, na pumzi chache tu za moshi ule zinatosha kumlegeza mtu mzima. Niliamka nikikohoa, nikaukimbilia mlango, nikapapasa msumarini. Ufunguo haukuwepo. Ulikuwa mfukoni mwa suruali niliyoivua jioni, na suruali yenyewe mama watoto alikwisha kuiloweka kwenye beseni.

Majirani walikuwa wamefika na ndoo zao za maji. Waliwasikia watoto wakilia ndani, wala hawakuwa na pa kuingilia. Zile nondo nilizozilipia kwa jasho langu zilikuwa zinawazuia watu walionijia kwa wema, kama vile zilivyowekwa kumzuia mwizi. Mke wangu ndiye aliyekumbuka beseni. Tulitoka sote. Mtoto aliungua mkono, na jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akampaka dawa ya meno. Hospitalini muuguzi alitugombeza: aliyeungua anamwagiwa maji safi ya baridi, taratibu, kwa dakika kama 20, kisha analetwa. Dawa ya meno, unga, yai na asali, alisema, tuviache jikoni.

Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza: neno usalama tumelipa maana gani sisi watu wa mijini? Naona tumelipunguza hata likabaki kuwa mwizi tu. Tukisema mtaa una usalama, maana yake hakuna aliyeibiwa televisheni. Moto, maji, gari na ugonjwa wa ghafla tumeviacha mikononi mwa bahati.

Wazee wenzangu wanakumbuka sungusungu, walioanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakaenea mikoa mingi ukiwemo huu wa kwetu, hata Bunge likawatambua katika sheria mwaka 1989. Yalikuwepo makosa, tena mengine mazito, maana wako walioadhibiwa bila kusikilizwa. Lakini nguvu yao haikuwa mishale. Ilikuwa kwamba yowe likipigwa, kila nyumba ilijua la kufanya. Nani anatoka, nani anabaki na watoto, nani anakwenda njia panda. Hata leo, katika vijiji vya Bunda vilivyo karibu na hifadhi ya Serengeti, kama Kunzugu na Hunyari, mkulima anayelinda shamba usiku hasubiri tembo afike ndipo atafute tochi. Sisi wa mjini tuna kufuli tatu, na jina la jirani hatulijui.

Ufunguo wa pili ni wa majina. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Mpaka leo hakuna anayeweza kusema kwa hakika walikuwa wangapi ndani, kwa kuwa waliopanda walikuwa wengi kuliko walioandikwa. Fikiri maana yake nyumbani. Kuna mama aliyekaa siku nyingi akijiuliza kama mwanawe alipanda au hakupanda. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara kikiwa kimebeba watu kupita kiasi, wakafa zaidi ya 200. Na hapa hapa kwetu, mwishoni mwa Julai 2023, mitumbwi ilizama ziwani katika wilaya ya Bunda, watu wakitoka kusali. Wengi wa waliokufa walikuwa watoto.

Mama yangu mzazi yuko Butiama. Kila nikimuaga ananiuliza maswali yale yale: umepanda gari gani, unafika saa ngapi, nani anakungoja. Zamani nilikuwa nacheka. Nikasema, mama, mimi si mtoto. Kisha ikaja Septemba 5, 2014, siku mabasi mawili yalipogongana pale Sabasaba, katika barabara hii hii ya Musoma na Mwanza, na zaidi ya watu 35 wakapoteza maisha. Niliwaona watu wanakimbilia hospitali bila kujua kama ndugu yao alikuwa katika basi lile au hakuwemo. Siku hiyo nilielewa kwamba yale maswali ya mama hayakuwa uchunguzi. Ilikuwa orodha ya abiria, ameiandika kichwani.

Sasa nitasikia wengine wanasema: huyu bwana anatuombea mabaya, balaa likitajwa hualikwa. Ndugu yangu, mshumaa wangu haukusubiri kutajwa. Wengine watasema: ufunguo ukikaa karibu na mlango, mwizi ataupata. Hiyo ni hoja ya kweli, nami nimeitafutia jibu. Wangu sasa unaning'inia ndani, mahali ambapo mkono unaopitishwa dirishani haufiki, lakini mtoto wa miaka saba anafika. Tena nimemwita fundi, akakata nondo za dirisha moja la chumba cha watoto, akazitia bawaba na komeo la ndani. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya redio hii unayoisikiliza.

Tumefanya na kikao cha familia. Hakikuchukua hata saa moja. Tulikubaliana mambo matano. Kwanza, kila mtu ajue ufunguo ulipo, na usiku usiondolewe hapo hata na baba. Pili, tukitoka mbio, sote tukutane chini ya mwembe wa jirani, tuhesabiane, na asirudi mtu ndani kufuata kitu. Tatu, kila mtoto akariri namba mbili za simu kwa kichwa, maana simu ikizima chaji na namba zote zimezima nayo. Nne, namba ya polisi 112 na ya zimamoto 114 zimeandikwa kwa mkaa ukutani jikoni. Tano, asiyerudi nyumbani kwa wakati ametuma neno, na anayepanda mtumbwi bila boya hakupewa ruhusa na mtu yeyote wa nyumba ile, hata kama ng'ambo kuna arusi.

Kisha nikafanya la sita, ambalo kwangu lilikuwa gumu kuliko yote. Nilikwenda kwa jirani wa ukuta mmoja, mtu ambaye kwa miaka tulikuwa tunapungiana mikono tu, nikamwonyesha lile dirisha la bawaba. Nikamwambia, ndugu, ukisikia yowe kwangu, vunja hapa. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Twende nami nikuonyeshe kwangu." Kumbe naye alikuwa na kufuli mbili, na mama mzee asiyeweza kutembea amelala chumba cha nyuma. Sikujua. Gari la zimamoto lina barabara ya kupita kabla ya kufika. Sisi wawili tumetenganishwa na ukuta tu.

Basi, ndugu msikilizaji, sikutumi mbali. Usiku wa leo, kabla hamjalala, zima taa zote kwa dakika moja. Mwambie mtoto wako mdogo kuliko wote afuate ufunguo, afungue mlango, atoke nje. Usimsaidie. Mhesabie tu. Akiweza, lala salama. Akishindwa, basi umejua kazi yako ya kesho, na umeijua bila moshi.

Kwaheri, mpaka juma lijalo.