Kuanza Mazoezi kwa Mtu Mzito: Mpango wa Wiki 12 kwa Wakazi wa Kibera na Kawangware

(Mada kwa semina ya wahamasishaji wa afya ya jamii)



1. Utangulizi

Mwambie mama anayeuza mboga pale Makina, Kibera, kwamba afanye mazoezi, na jambo la kwanza atakalofanya ni kukucheka. Ameamka saa kumi alfajiri, amekwenda soko la Marikiti, amebeba gunia la sukuma wiki mpaka stejini, amerudi, amepanga meza. Mazoezi gani tena? Hayo ni ya watu wa Lavington wenye mbwa wa kutembeza.

Hoja yake ina uzito, na takwimu za nchi zinaonekana kumuunga mkono. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, ni Wakenya 6.5 tu katika kila 100 waliohesabiwa kuwa hawafikii kiwango cha chini cha kuushughulisha mwili. Lakini utafiti huohuo ulikuta watu wazima 27 katika kila 100 wana uzito uliopita kiasi: wanawake 38.5 na wanaume 17.5. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulipandisha idadi ya wanawake hadi takriban 45 katika kila 100.

Je, inakuwaje taifa linalohangaika hivi linazidi kunenepa? Jibu moja liko kwenye sahani na kwenye chupa ya soda. Jingine liko kwenye kigoda cha yule mama. Baada ya saa tatu za hekaheka za alfajiri, atakaa hapo saa kumi mfululizo, akikatakata sukuma na kurudisha chenji. Uchovu anaolala nao ni wa kweli, lakini moyo wake haujapata kazi ya kuuimarisha.

Hoja ya mada hii ni moja. Mtu mzito aliyekaa miaka bila mazoezi mara nyingi hashindwi kwa uvivu, bali kwa sababu ameanza na kiasi kikubwa kuliko viungo vyake vinavyoweza kubeba. Kwenda polepole ndio utaratibu ambao mwili wenyewe unaufuata katika kujijenga, na kazi yetu ni kuulinda utaratibu huo dhidi ya pupa ya wiki ya kwanza.

2. Dereva na makanga

Mwaka 1953, daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa zamu nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi za basi wakikata tikiti. Waliajiriwa na shirika moja na walifanya kazi katika mabasi yaleyale, lakini makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Baadaye Morris alichunguza saizi za sare na kukuta kwamba madereva walikuwa wanene zaidi tangu siku ya kuajiriwa, kwa hiyo kukaa peke yake hakuelezi tofauti yote. Hata hivyo, tangu wakati huo tafiti nyingi zimethibitisha kwamba kushughulisha mwili kunaukinga moyo.

Nendeni Kawangware 46 jioni mwone mfano huo ukiwa hai. Makanga ananing'inia mlangoni, anashuka, anakimbia, anaita abiria, anapanda tena. Dereva hajainuka tangu alfajiri, na chakula chake cha mchana, chapo madondo na soda, ameletewa dirishani. Mwongezeeni mwendeshaji boda, fundi cherehani, soja wa usiku anayelinda geti akiwa kitini na mama wa kibanda. Hao ndio walengwa wetu. Kijana wa mjengo, na yule anayetembea kwa miguu kufuata reli kila asubuhi hadi Industrial Area, tuwaache wapumzike. Kuwahubiria mazoezi ni kuwakosea adabu.

3. Kwa nini polepole

Mtu akianza mazoezi, sehemu za mwili hazibadiliki kwa kasi moja. Moyo na damu ndivyo vinavyotangulia, na ndani ya wiki mbili tatu mtu huona pumzi imeongezeka. Misuli hufuata kwa wiki kadhaa. Kano zinazoshika misuli kwenye mfupa, pamoja na mifupa yenyewe, huchukua miezi.

Hapo ndipo mtego ulipo. Katika wiki ya tatu mtu anajisikia mwepesi, anaamua kukimbia, na goti au kisigino kinamsaliti. Si bahati mbaya: pumzi yake imekwisha kuwa ya wiki ya tatu, na kano bado ni za wiki ya kwanza. Kwa mtu mzito hatari ni kubwa zaidi. Uchunguzi wa wagonjwa wa goti wenye uzito mkubwa umeonyesha kwamba kila kilo moja anayopunguza mtu hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 katika kila hatua. Kwa hesabu hiyohiyo, kilo 20 za ziada ni mzigo wa kilo 80 juu ya goti.

Kuna pia suala la mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Aliyehamia juzi kutoka Mombasa au Kisumu atahema mapema kuliko alivyozoea, na asidhani anaumwa.

Wengi wetu tunajua mazoezi kwa sura ya Eliud Kipchoge akimaliza kilomita 42 chini ya saa mbili kule Vienna mwaka 2019. Tunasahau kwamba wanariadha wa Iten na Kaptagat hufanya sehemu kubwa ya mbio zao kwa mwendo wa taratibu, na asubuhi huanza kwa kujikokota. Ikiwa bingwa wa dunia anaupasha mwili moto taratibu, dereva wa kilo 105 ana haraka gani?

4. Kabla ya hatua ya kwanza

Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji 100,000 nchi nzima, na mikoba yetu ikaja na mashine ya presha, kipima sukari na mizani. Vitumieni vifaa hivyo kabla ya kumshauri mtu yeyote.

Mwenye presha ya 180/110 au zaidi asianze kwanza. Apelekwe kituo cha afya, na presha ikishatulia ndipo aanze. Anayebanwa na kifua, anayezimia, au anayehema hata akiwa amekaa, naye amwone daktari kwanza. Mwenye kisukari akaguliwe nyayo, maana kidonda kidogo ndani ya kiatu kibovu kinaweza kumgharimu mguu. Akiwa anatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu, awe na peremende mfukoni.

Wengine wote wanaweza kuanza kesho. Kutembea dakika 10 hakuhitaji cheti.

5. Mpango wenyewe

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Mwongozo wa awali ulihesabu tu vipindi vya angalau dakika 10 mfululizo. Sharti hilo limeondolewa, kwa hiyo hata dakika 4 za kushuka matatu steji moja mapema zinaingia kwenye hesabu.

Kipimo cha kasi ni mdomo. Mtu atembee kwa mwendo unaomruhusu kuongea lakini usiomruhusu kuimba. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Akiweza kuimba ubeti mzima, aongeze.

Wiki ya 1 na ya 2: dakika 10 kwa siku, siku 5, mahali tambarare. Watu wa Lindi na Silanga kule Kibera wanakaa bondeni, na kila safari yao huanza kwa kupanda. Wapande taratibu, kisha wahesabu dakika zao wakifika Kibera Drive au uwanja wa Kamukunji. Watu wa Kawangware wanayo barabara ya Gitanga kuelekea Lavington.

Wiki ya 3 hadi ya 6: ongeza dakika 5 kila wiki, yaani 15, 20, 25, 30. Mwisho wa wiki ya 6 mtu anatembea dakika 30 kwa siku 5, na hizo ndizo dakika 150. Mkumbusheni kwamba wiki ya 3 ndiyo atakayotamani kukimbia, na amkatalie anayemchochea.

Wiki ya 7 hadi ya 12: muda ubaki palepale, sasa tuongeze ugumu. Dakika moja ya mwendo wa kasi, tatu za kawaida, kisha arudie. Au achague njia yenye mwinuko. Siku mbili kwa wiki aongeze mazoezi ya nguvu yafuatayo.

La kwanza ni kiti. Chukua kiti cha plastiki, ukiegemeze kwenye ukuta kisiteleze. Kaa kwenye ukingo wake, nyayo chini, mikono imekunjwa kifuani. Inama mbele kidogo mpaka pua ifike juu ya magoti, kisha simama. Unaporudi kukaa, hesabu moja, mbili, tatu kabla makalio hayajagusa kiti; usijibwage. Anayeshindwa aanze kwa kujisukuma kwa mikono juu ya mapaja. Mara 5, apumzike, mara 5 tena. Zoezi hili hujenga mapaja, na mapaja ndiyo walinzi wa goti.

La pili ni kusukuma ukuta, uwe wa mawe. Mabati hayafai, yatalia na jirani atatoka na rungu. La tatu ni kubeba vibuyu viwili vya lita 5, kimoja kila mkono, mgongo ukiwa wima, mwendo wa dakika moja. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 za upande mmoja, na huo tuuache kwanza.

Kanuni za kushika ni tatu. Ongeza jambo moja tu kwa wakati mmoja: ama muda, ama kasi, ama mlima. Siku iliyokupita imepita, usiilipe kesho kwa kutembea mara mbili. Ukikosa wiki nzima kwa ugonjwa au msiba, rudi nyuma wiki mbili uanzie hapo.

6. Vikwazo vya mtaa

Vitabu vingi vya mazoezi vimeandikwa kwa mtu mwenye bafu nyumbani. Kwetu jasho lina bei. Kuoga ni kununua mtungi wa maji au kulipia bafu la nje, na mabomba yakikauka bei inapanda. Kwa hiyo mpangie mtu mazoezi kabla ya kuoga kwake kwa kawaida, isiwe safari ya pili ya maji. Kutembea kwa wastani, asubuhi ya baridi ya Julai, hakumtoi mtu jasho la kufua nguo.

Viatu: soko la Toi lina raba za mitumba. Aikunje soli kwa mkono. Ikikunjika katikati kama kitambaa, aiache. Ikikunjika kwenye vidole tu, na kisigino hakijalika upande, hiyo inafaa.

Usalama: mama asitembee peke yake kabla ya mapambazuko. Wawili au watatu wa ploti moja ni bora, na watu wakisubiriana mlangoni ni vigumu mmoja kutoa visingizio. Njia ya reli inapendwa kwa kuwa imenyooka, lakini treni bado zinapita. Asiweke vidude vya muziki masikioni.

Kejeli: "Wewe, unaenda Olympic ya hapa Kibera ama Olimpiki?" Maneno hayo yamerudisha wengi nyumbani. Tuwaandae watu mapema, na tuwape jibu rahisi: daktari ameniambia.

Kizito zaidi ni hofu ya kukonda. Kizazi kilichozika jamaa zake kwa ukimwi miaka ya tisini kiliuona mwili unaopungua kuwa dalili ya kifo, na mwili mnene kuwa ushahidi kwamba mtu analishwa vizuri. Mume ataulizwa kama mkewe anaumwa. Mwanamke ataulizwa ana shida gani nyumbani. Kwa hiyo msianze mazungumzo na kilo. Anzeni na presha, goti, usingizi, na ngazi anazopanda.

7. Mizani iseme ukweli

Mtu wa kilo 90 akitembea nusu saa huchoma kalori kama 150. Soda ya nusu lita ina kama 200. Asiyebadilisha chakula atatembea miezi mitatu na mizani isitikisike, kisha atatuona waongo. Tumweleze tangu mwanzo kwamba mazoezi peke yake hupunguza kilo chache. Faida yake ya haraka iko kwingine: mwenye presha anayetembea mara kwa mara huweza kuishusha kwa pointi 5 hadi 8, sukari hutulia, usingizi huja.

Mazoezi na chakula vikiunganishwa, matokeo ni makubwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi lililolenga kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari ya kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Kwa mama wa kilo 90 asilimia hizo 7 ni kilo 6 na kidogo. Abaki mnene machoni pa majirani, na bado awe amejiokoa.

Kwenye chakula tuombe mawili tu kwa kuanzia: soda ibadilishwe kwa maji, na sukari ya chai ipungue kwa kijiko kimoja.

8. Mapendekezo na maswali ya majadiliano

Napendekeza kila mhamasishaji achague nyumba 3 tu katika eneo lake, si 100, apime presha na kiuno wiki ya kwanza, ya 6 na ya 12, na aandike siku walizotembea badala ya kilo walizopunguza.

Katika vikundi, tujadili:

(a) Ni njia gani kijijini kwenu, kuanzia Gatwekera hadi Gatina, inayoweza kutembewa salama dakika 10 bila kuvuka barabara kuu?

(b) Dereva wa matatu ana dakika ngapi akingoja zamu yake stejini, na nani wa kumshawishi azitumie akiwa amesimama: sisi, au makanga wake?

(c) Tutawajibu nini waume na wakwe watakaouliza kwa nini mtu wao anapungua?

Majibu ya swali la kwanza tuyachore kwenye karatasi kubwa kabla hatujaachana leo. Mtu asiyejua atapita wapi kesho asubuhi hatatoka nje.