Oktani si Nguvu: Petroli ya Daraja la Juu katika Gari Dogo

Petroli ya daraja la juu huzidi ya kawaida kwa jambo moja la msingi: huvumilia zaidi mgandamizo na joto ndani ya silinda kabla ya kujiwakia yenyewe. Uvumilivu huo ndio unaopimwa kwa namba ya oktani. Katika injini ya petroli, pistoni hugandamiza hewa na mafuta, plagi hutoa cheche, na moto husambaa kutoka kwenye plagi kwenda pembeni mwa silinda. Mchanganyiko wa pembeni, ambao moto haujaufikia, huzidi kubanwa na kupata joto. Ukishindwa kuvumilia, huwaka wote kwa mpigo mmoja, na dereva husikia injini ikigonga, hasa anapopanda mlima kwa gia kubwa. Kugonga kukizidi na kuachwa kuendelea, pistoni huweza kutoboka. Haya yanafahamika tangu mhandisi Harry Ricardo alipoyachunguza nchini Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na hayahitaji maelezo marefu.

Kinachostahili maelezo marefu ni jinsi kipimo chenyewe kilivyotungwa, kwa sababu makosa karibu yote yanayosemwa kuhusu petroli ya bei kubwa yangezimika mapema kama historia hiyo ingejulikana. Kabla ya miaka ya 1920 kumalizika, kila maabara ilikuwa na njia yake ya kupima petroli, na matokeo ya moja hayakulingana na ya nyingine. Graham Edgar, mkemia wa kampuni ya Ethyl ya Marekani, alitoa pendekezo ambalo mwaka 1927 lilichapishwa katika makala fupi mno ukilinganisha na uzito wake. Alichagua kemikali mbili safi. Moja ni heptani, ambayo hugonga kwa urahisi sana. Hiyo ilipatikana kwenye utomvu wa msonobari aina ya Jeffrey unaoota kwenye milima ya California. Nyingine ni isooktani, ambayo wakati huo ilivumilia kuliko petroli yoyote iliyouzwa. Ya kwanza ikapewa 0, ya pili 100. Petroli yenye oktani 95, basi, ni ile inayogonga sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na sehemu 5 za heptani.

Uzuri wa uchaguzi huo haupo kwenye namba tu. Heptani huchemka kwenye nyuzi 98.4 za Selsiasi na isooktani kwenye 99.2. Uzito wao kwa lita unakaribiana sana, na kadhalika joto linalotoka zinapoungua. Edgar alitafuta vimiminika viwili vinavyofanana karibu katika kila kitu isipokuwa kugonga, ili kipimo kisichanganywe na sifa nyingine yoyote. Kwa maneno mengine, mizani ya oktani iliundwa makusudi ili nguvu ya mafuta isiingie ndani yake. Ni vigumu kupata katika historia ya ufundi kipimo kilichosafishwa kwa uangalifu wa namna hiyo, na ni vigumu vilevile kupata kingine kinachosomwa kinyume na nia ya mtungaji wake kila siku, kwenye kila kituo cha mafuta.

Dai linalopingwa hapa ni maarufu. Mafundi hulisema gereji, wahudumu wa pampu hulirudia, na matangazo huliachia lielee bila kulikanusha: petroli ya daraja la juu ina nguvu zaidi, gari dogo likiinywa huchangamka na kula mafuta kidogo, kwa hiyo pesa ya ziada hujirudisha yenyewe.

Jibu la kwanza limo ndani ya lita. Lita moja ya petroli, iwe ya oktani 91 au 98, hubeba nishati ya takriban megajouli 32, na tofauti ndogo zinazokuwapo hutegemea viungo vilivyochanganywa wala hazipandi kwa kufuata oktani. Ushahidi mkali zaidi ni ethanoli. Oktani yake huzidi 105, lakini lita yake hubeba megajouli 21 hivi, yaani theluthi moja pungufu. Kama oktani ingekuwa nguvu, ethanoli ingepeleka gari mbali kuliko petroli. Madereva wa Brazili, ambao wamezoea kuchagua kati ya mafuta hayo mawili, wanajua kwamba tenki la ethanoli huisha mapema.

Jibu la pili limo kwenye kompyuta ya gari, na hapa watetezi wa dai hujiona wana ngome. Husema kwamba magari ya kisasa yana sensa ya kugonga, hivyo kompyuta ikitambua mafuta bora huwahisha cheche na kuongeza nguvu. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Sensa hiyo husikiliza mtikisiko wa kugonga, na ikiusikia kompyuta huchelewesha cheche kidogo. Lakini kompyuta hufanya kazi ndani ya mpaka uliopangwa na kiwanda. Injini iliyopangiwa oktani 90, ikiwa haigongi kwa oktani 92, tayari inawasha cheche katika wakati ulio bora kwake. Ikipewa 98 haina mahali pa kwenda zaidi. Cheche ikiwahishwa kupita kiasi hicho, nguvu hupungua hata kama hakuna kugonga, kwa kuwa moto huanza kuisukuma pistoni chini ilhali bado inapanda.

Mwandishi wa mhadhara huu alilelewa katika nyumba ambamo dai hilo lilikuwa sheria. Baba yake alikuwa na Toyota Starlet mjini Moshi, enzi ambazo vituo vilikuwa na pampu ya super na pampu ya kawaida. Mzee huyo alishikilia kwamba gari hilo huvuta vizuri zaidi kutoka Himo kupanda Marangu likiwa na super, na hakuna aliyethubutu kubishana naye. Ilichukua miaka kabla ya mtu yeyote nyumbani kugundua kwamba super ilinunuliwa hasa siku ambazo gari limetoka gereji, na plagi mpya, kichujio cha hewa kipya na matairi yaliyojazwa upepo sawasawa. Mafuta yalisifiwa kwa kazi ya fundi. Kosa la namna hii ni la kawaida kwa watu makini kabisa, kwa sababu anayelipa zaidi kwa ajili ya mafuta ndiye huyohuyo anayelitunza gari lake.

Ndiyo maana majaribio ya kwenye mitambo, ambako gari huendeshwa juu ya roli, yana thamani kuliko ushuhuda wa barabarani. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilijaribu petroli ya daraja la juu kwenye magari yaliyotengenezwa kwa petroli ya kawaida, na hakikupata nafuu ya maana katika nguvu, ulaji wa mafuta wala moshi. Chama hicho kilikadiria kwamba Wamarekani milioni 16.5 walikuwa wametumia mafuta hayo bila kuyahitaji katika mwaka mmoja, na kupoteza zaidi ya dola bilioni 2.1. Mwaka uliofuata kilijaribu magari ambayo watengenezaji wake hupendekeza daraja la juu bila kulilazimisha. Hapo nafuu ilionekana, wastani wa asilimia 2.7 katika ulaji wa mafuta, kiasi kisichofidia tofauti ya bei.

Sasa gari dogo lenyewe. Magari mengi madogo ya Afrika Mashariki, yaani Vitz, Passo, Demio, Fit na ndugu zao, yametoka Japani yakiwa yametumika, na nchini kwao yalipangiwa petroli ya kawaida ambayo kiwango cha Japani huitaka iwe na oktani isiyopungua 89. Petroli ya kawaida katika kanda hii imewekewa kiwango kinachozidi 90. Injini ya silinda tatu aina ya 1KR-FE iliyomo katika Vitz na Passo za lita moja ina silinda zenye kipenyo cha milimita 71 tu. Udogo huo ni kinga. Moto una safari fupi kutoka plagi hadi ukingoni, na mchanganyiko wa pembeni haupati muda wa kujiwakia. Wapo wanaosema uwiano wa mgandamizo ukizidi 10 kwa 1 lazima gari lipewe daraja la juu. Kanuni hiyo ilifaa zama za kabureta. Mwaka 2011 Mazda ilitoa Demio ya lita 1.3 yenye uwiano wa 14 kwa 1, nayo ikatumia petroli ya kawaida ya Japani, kwa sababu vali zake za kuingiza hewa huchelewa kufunga na sehemu ya hewa hurudishwa nje kabla ya kubanwa.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi hata kidogo, nalo ni mwinuko. Nairobi ipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni kama sehemu nne kati ya tano za ile ya Mombasa. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa ndani, hunyonya hewa nyepesi, mgandamizo wa mwisho unakuwa mdogo, na haja ya oktani inapungua. Kwa sababu hiyo majimbo ya milimani ya Marekani yaliuza kwa miaka mingi petroli ya kawaida yenye oktani pungufu kuliko ya pwani. Mwenye Passo anayeishi Nairobi, Mbeya au Kigali ana sababu ndogo zaidi ya kununua daraja la juu kuliko mwenziwe wa Dar es Salaam anayeendesha kwenye joto la Januari, na huyo wa Dar es Salaam naye halihitaji.

Kwa upande wa usafi, hoja ya watetezi wa dai kwamba daraja la juu husafisha injini ina uzito na haifai kupuuzwa. Dawa za kusafisha zinazotiwa kwenye petroli huzuia masizi kwenye nozeli na vali. Lakini dawa hizo na oktani ni vitu viwili tofauti. Mwaka 2004 BMW, General Motors, Honda na Toyota zilianzisha kiwango cha Top Tier, na sharti lake moja ni kwamba dawa itiwe katika madaraja yote ya kituo, pamoja na la chini. Aidha, katika injini ambazo nozeli humwaga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, petroli haigusi kabisa vali za kuingiza hewa, hivyo haiwezi kuziosha.

Wanaohitaji daraja la juu wapo. Gari dogo lenye tabo, kama vile Volkswagen Polo TSI, husukumiwa hewa kwa nguvu, na mwinuko haulisaidii kama unavyolisaidia lisilo na tabo. Suzuki Swift Sport nayo huagizwa mafuta hayo nchini Japani. Mwenye gari kama hilo akibana matumizi hapa, kompyuta itachelewesha cheche na gari litakula zaidi. Kauli ya mwisho ni ya kitabu cha gari au kibandiko kilicho ndani ya kifuniko cha tenki, na mmiliki asiyesoma Kijapani anapaswa kumtafuta wa kumsomea kabla ya kumsikiliza muuzaji.

Kibandiko hicho, hata hivyo, hutaja namba au daraja, ilhali pampu nyingi za kanda hii huonyesha jina la biashara na bei. Jina halisemi kama kilichoongezwa ni oktani, dawa ya kusafisha, au vyote viwili. Marekani ililazimisha namba ya oktani ibandikwe kwenye pampu kwa sheria ya mwaka 1978. Mamlaka za udhibiti wa nishati, EPRA nchini Kenya na EWURA nchini Tanzania, ambazo tayari hutangaza bei kikomo kila mwezi, zina kila sababu ya kutaka vivyo hivyo. Namba iandikwe kwa kipimo cha oktani kiitwacho RON, kinachotumiwa na vitabu vya Japani na Ulaya, kwani 87 ya Marekani, ambayo ni wastani wa vipimo viwili, inakaribia 91 ya RON, na mnunuzi asiyejua tofauti hiyo atadhani gari lake limepunjwa.